Sura ya Nne: Mizani ni Kazi ya Sikio

Kijana mmoja alinikuta barazani Mlaleo baada ya Isha, karatasi ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati. Mchana hufunga cheni na kubadilisha breki za bodaboda kwenye kibanda kando ya barabara ya Kisauni. Usiku hutunga. Vidole vyake vilikuwa vingali na grisi kwenye kucha.

“Maalim,” akasema, “shuleni nimefundishwa mishororo, nimefundishwa vina, nimefundishwa ukwapi na utao. Lakini nikitunga mwenyewe, shairi haliimbiki. Sijui ubaya uko wapi.”

Nikamwambia asinisomee, aniimbie. Akaona haya kidogo, kwa kuwa muuza kahawa alikuwa keshatua dele lake karibu na wazee watatu walikuwa wakisikiliza. Kisha akajaribu. Mstari wake wa kwanza ulikuwa huu: “Asubuhi mapema mimi naamka kwenda kazini mjini.” Alishika sauti aliyoizoea chuoni, ile ya kasida, na alipofika “naamka” pumzi ikamwishia. Akavuta nyingine, akamaliza, akatutazama. Hakuhitaji kuambiwa. Ubaya ulikuwa umemkaa kooni.

Mstari ule una mizani 21. Hesabu: a-su-bu-hi, nne, ma-pe-ma, saba, mi-mi, tisa, na-a-m-ka, kumi na tatu, kwe-nda, kumi na tano, ka-zi-ni, kumi na nane, m-ji-ni, ishirini na moja. Angeweza kuhesabu hivi peke yake, lakini hesabu ya vidole huja nyuma. Koo lilikuwa limeshamwambia kwamba mzigo umezidi na hakuna mahali pa kuutua. Shairi la kawaida la kwetu, lile la mishororo minne ambalo wengine huliita tarbia, lina mizani 16 kwa kila mshororo, nane upande wa ukwapi na nane upande wa utao, na katikati pana mapumziko. Nane ni kiasi cha silabi ambacho mtu wa kawaida hukiimba kwa pumzi moja bila kujitesa. Mwenye shaka na aliimbe.

Wanafunzi wengi ninaokutana nao wanaujua ushairi kama wanavyoujua mwili wa chura uliochorwa ubaoni. Watakutajia majina ya sehemu zote. Katika mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya tatu, wataeleza bahari ya shairi kwa kuangalia idadi ya mishororo, watataja vina, watafafanua uhuru wa mshairi, watapata alama zao. Sina ugomvi na mtihani. Lakini tungo za pwani hii zilitungwa ziimbwe na zighaniwe, na anayezijua kwa macho tu hajakutana nazo bado.

Tukarudi kwenye karatasi. Nilimuuliza anataka kusema nini hasa. Akasema kwamba kila asubuhi anapokwenda mjini kununua vipuri, akifika Daraja la Nyali hujisikia kama ameacha kitu. “Basi sema hivyo,” nikamwambia, “na useme mwisho.” Mtunzi hufanya vyema kuanza na kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, kwa sababu huko ndiko ubeti unakokwenda. Akihangaika na mshororo wa kwanza bila kujua wa nne, atazunguka kama dereva aliyekosa steji ya kushushia. Tulikaa karibu nusu saa juu ya mshororo mmoja. Alianza na “ninapovuka daraja la Nyali”, akaona refu, akaja na “nikivuka daraja”, akaona fupi, mwishowe akagonga ubao wa benchi kwa kifundo cha kidole, nane, kisha nane, akasema: “Daraja nikilivuka, moyo wabaki nyumbani.” Mzee mmoja akaitikia “Eee” bila kugeuza uso. Hapo tukajua mshororo umepatikana.

Iliyobaki ikaja kwa haraka zaidi:

Mapema nimeamka, naelekea kazini,
Taa hazijazimika, kule ng'ambo kisiwani,
Makanga anasikika, anadi barabarani,
Daraja nikilivuka, moyo wabaki nyumbani.

Ubeti huu umetimia kwa sheria zote. Mizani 16 kila mshororo, kina cha kati “ka”, kina cha mwisho “ni”. Mtahini angeupa alama kamili. Mimi sikuridhika, na nilipomwambia akatunisha mashavu.

Kosa liko katika kina cha mwisho. Kazini, kisiwani, barabarani, nyumbani: maneno yote manne yamebeba “ni” moja, ile ya mahali. Kiswahili kimetujalia kiambishi hiki kwa wingi, na kwa hiyo hakina thamani. Ukitaka kina cha “ni” huna haja ya kufikiri. Chukua mahali popote duniani, bandika “ni”, umemaliza. Sikio linajua pale ambapo mtunzi hakutoa jasho.

Na kuna jambo la ndani zaidi, ambalo silioni likifundishwa sana. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema nyu-MBA-ni, ka-ZI-ni. Silabi ya mwisho hutamkwa kwa wepesi, karibu kama mtu anayetua kikombe. Kina cha silabi moja, basi, hukaa pale ambapo sauti ni dhaifu kuliko zote. “Kazini” na “nyumbani” zinafanana kwenye karatasi, lakini ukiziimba unasikia “zi” na “mba” zikivutana, na zile “ni” mbili zikipita kama vivuli. Ukiifanya irabu ya silabi yenye mkazo nayo ifanane, ukawa na “ani” dhidi ya “ani”, vina vinalia kama vikombe viwili vya muuza kahawa vinapogonganishwa. Sheria haikulazimishi kufanya hivyo. Malenga wengi wazuri hawakufanya hivyo kila mara. Lakini ubeti unaokaa kichwani mwa watu kwa miaka, mara nyingi ukiuchunguza utakuta umefanya.

Kijana akatia kalamu mdomoni. Akaanza kutafuta maneno ya “ani” yasiyo mahali. Shani, zamani, thamani, amani, kifani. Baada ya robo saa ubeti ukawa hivi:

Mapema nimeamka, safari ya kisiwani,
Taa hazijazimika, bahari ina amani,
Makanga anasikika, anadi kama zamani,
Daraja nikilivuka, moyo wabaki nyumbani.

Tazama lililotokea. Alikuwa akitafuta sauti, na sauti ikamletea maana. “Anadi barabarani” ilikuwa habari isiyo na uzito, kwani makanga atanadi wapi kama si barabarani? “Anadi kama zamani” imeingiza miaka yote ya safari hiyo, ikamfanya msikilizaji ahisi kwamba asubuhi hii ni moja kati ya nyingi. Na “bahari ina amani” imeuweka moyo usio na amani wa mshororo wa nne mahali pake bila kuutaja. Hii ndiyo faida ya kina, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaokiita pingu. Kina humlazimisha mtunzi apite njia ambayo peke yake asingeipita. Pingu huwa pale tu mtunzi anapokubali neno la kwanza lililomjia kwa kuwa limetimiza sauti, hata kama limesema uongo. Ukiona shairi linazungumzia harusi kisha ghafla ubeti wa tatu ukataja kasuku, jua kasuku yule ameitwa na kina.

Kina cha kati hatukukigusa. Mapumziko ya katikati ni mafupi, sikio halidai sana hapo.

Nguvu ya umbo hili inaonekana vizuri zaidi ukirudi nyuma, na huna haja ya kwenda mbali na Kisauni. Muyaka bin Haji aliishi Mvita kuanzia karibu mwaka 1776 hadi 1840, wakati wa akina Mazrui na vita vyao na Sayyid Said. Yeye ndiye anayekumbukwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, akatunga juu ya mapenzi, ufukara, siasa na kejeli kwa maadui. Umbo alilolipenda ni hili hili la mishororo minne ya mizani 16. Alipofariki, nyingi ya tungo zake zilikuwa midomoni mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya na kuziandika, akishirikiana na William Taylor, mmisionari wa CMS. Chama hicho kilikuwa kimeanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru hapa Kisauni mwaka 1875, yakaitwa Freretown, na kengele yao ndiyo iliyowapa watu jina la Kengeleni ambalo makanga wanalinadi mpaka leo. Karatasi za Taylor zikaishia London. Mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz, mwana wa Mombasa, akatoa kitabu chake kikubwa juu ya Muyaka.

Fikiria safari hiyo. Maneno yalitoka kinywani mwa mtu, yakakaa vichwani mwa watu kwa miongo kadhaa, na yalipofika kwenye karatasi yalikuwa yangali na viungo vyake. Barua ya kawaida isingevuka. Aliyesahau neno katika shairi la mizani 16 anajua amesahau neno la silabi ngapi, na kama liko mwisho wa kipande anajua pia linaishia na sauti gani. Umbo humsaidia kulitafuta. Fundi wa jahazi huunganisha mbao kwa misumari ili bahari isizitenganishe; mizani na vina ni misumari ya namna hiyo, na bahari yake ni usahaulifu.

Kijana wangu alipofika hapa akauliza swali la maana: kama umbo hili ni zuri hivyo, bahari nyingine za nini?

Nikamwambia achukue safari ile ile ya daraja aitunge kwa utenzi. Utenzi, au utendi kama wanavyosema Waamu, una vipande vinne vya mizani nane kila kimoja. Vitatu vya mwanzo vina kina chao kinachobadilika kila ubeti, na cha nne kina kina kimoja kinachoshikiliwa tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho, hata ukiwa na beti elfu. Akaandika:

Nilipotoka nyumbani,
nikasimama njiani,
nikaingia garini,
daraja nikalivuka.

Akanidai nauli,
nikampa mia mbili,
hakurejesha kamili,
moyo ukahuzunika.

Wazee wakacheka kwa hiyo chenji. Lakini jambo jingine limetokea bila yeye kukusudia. Shairi lake la kwanza lilikuwa limesimama mahali pamoja, likitazama. Utenzi ulianza kutembea mara tu alipoushika, na “ka” ile ya masimulizi ikaingia karibu kila mstari: nikasimama, nikaingia, nikampa. Kipande kifupi hakina nafasi ya kutafakari; kinabeba tendo moja, kinapita. Na kina cha “ka” kinachorudi kila baada ya vipande vitatu humwambia msikilizaji kwamba hadithi haijaisha, asiondoke. Ndiyo maana visa vya mitume na vita vya kale viliwekwa kwenye utenzi, na mawaidha marefu pia. Mwana Kupona binti Msham, mkewe Bwana Mataka wa Siyu, alipotaka mwaka 1858 kumwachia binti yake wosia wa maisha mazima, alichagua bahari hii. Alikuwa mgonjwa, na miaka miwili baadaye akafariki. Wosia wa namna hiyo haukai ndani ya beti tano. Unahitaji umbo ambalo mtoto atalighani peke yake, ubeti ukiuvuta ubeti, na mama akiwa hayupo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza “nitunge bahari gani”, jiulize kama ulicho nacho ni hisia iliyosimama au ni jambo lenye mwendo. Ukilitia shairi la tarbia kisa kirefu, kitachechemea, kwa sababu kila kituo kinataka kufunga mlango. Ukiutia utenzi wazo moja dogo la huzuni, utaona unapiga maji.

(Wanafunzi wangu wa Kikristo huuliza mara kwa mara kama nyimbo za Tenzi za Rohoni ni utenzi. Si utenzi kwa maana hii. Jina ni moja, lakini zile zimefuata tuni za kanisa na ubeti wake hukatwa kwa kadiri ya tuni. Waziimbe, kisha wazilinganishe na utenzi wa vipande vinne. Sikio litajifunza zaidi kwa tofauti kuliko kwa maelezo yangu.)

Kati ya mizani nane za utenzi na 16 za shairi zimo bahari ambazo shule hupita mbio, na mimi nazionea uchungu. Ukichukua mshororo wa mizani kumi, ukaukata sita na nne, utapata umbo la Al-Inkishafi, ule utungo ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate na kuuonya moyo wake. Jaribu kuimba: “Maji yakitoka, mwamba wazi.” Sita zinapanda, nne zinaanguka kabla hujajiandaa. Kipande cha pili kinakatika kama sentensi ya mtu aliyeona kitu kikamnyamazisha. Sasa ongeza silabi moja tu kwenye utao: “Maji yakitoka, mwamba huona.” Hizo ni sita na tano, mizani 11, na ile ni kisarambe. Mwanguko umelainika, umekuwa wa mawaidha zaidi kuliko wa kilio. Silabi moja! Kuna ukawafi pia, wenye mizani 15 zilizogawanywa sita, nne na tano, ambao una mapumziko mawili ndani ya mshororo na unafaa kwa dua na mashairi ya dini yanayopanda polepole. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa Lamu na akaishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2017, alitumia maisha yake kuzihifadhi bahari hizi na msamiati wake. Kijana wa Kisauni anayejua tarbia peke yake ni kama mpishi mwenye sufuria moja. Atakula, lakini hatapika vya kutosha.

Yapo pia majina mengi yanayotokana na vina au na mpangilio wa mishororo. Takhmisa ni ya mishororo mitano, tathlitha mitatu. Mtiririko ni pale vina vyote viwili havibadiliki kutoka ubeti hadi ubeti. Ukara hushika kimoja na kukiachia kingine. Ukaraguni huachia vyote. Pindu huchukua maneno ya mwisho wa ubeti na kuanzia nayo ubeti unaofuata. Haya utayajua kwa siku moja na hayatakufanya mtunzi. Moja tu nitalisimamia, nalo ni msuko, kwa kuwa linaonyesha vizuri kazi ya kunyamaza. Katika msuko kituo hufupishwa kuliko mishororo iliyotangulia. Nilimwambia kijana aufunike kwa kidole ukwapi wa mshororo wake wa nne, aimbe ubeti tena, na afikapo mwisho aseme tu:

Moyo wabaki nyumbani.

Akaimba. Pale ambapo sikio lilikuwa likingoja mizani 16, likapewa nane. Nane zilizokosekana hazikupotea. Zilibaki hewani, na msikilizaji akazijaza mwenyewe. Barazani pakanyamaza kidogo. Muuza kahawa ndiye aliyesema, “Hilo la pili ndilo.”

Na mashairi huru je? Kijana aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza jambo la aibu, kwa kuwa ameambiwa na baadhi ya watu wazima kwamba mashairi hayo, mavue, si ushairi. Ugomvi huu si mpya. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa wengi kitabu kile kikawa kipimo. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, akatoa Kichomi, diwani isiyofuata vina wala mizani, na malumbano yakawaka magazetini na vyuoni. Wanamapokeo walisema anavunja nyumba. Wapinzani wao walisema nyumba yenyewe imekuwa gereza.

Mimi nimelelewa na mizani, na ningali nasema kwamba shairi huru zuri ni gumu kutunga kuliko tarbia nzuri. Mtunzi wa tarbia hupewa mahali pa kupumzikia. Mtunzi huru lazima apatafute kila mstari. Lakini Kiswahili kina kipawa kinachomsaidia, ambacho lugha nyingi hazina: neno letu moja laweza kuwa sentensi nzima. “Hatutarudi” ni neno moja, lakini ndani yake wamo watu, umo wakati ujao na umo ukanusho. Liweke peke yake kwenye mstari, lizungukwe na weupe wa karatasi, uone uzito wake. Kijana alijaribu daraja lake hivi:

Daraja
halina mwisho
asubuhi hii.

Kuna kitu hapo. “Asubuhi hii” inaonyesha kwamba kesho litakuwa na mwisho, na huo ni ukweli ambao ubeti wake wa tarbia haukuusema. Sikumsifu sana, kwa sababu mistari mitatu si shairi bado, ila nilimwambia aitunze. Anayeandika mavue kwa kuwa hawezi kuhesabu mizani huonekana haraka: mistari yake ni nathari iliyokatwa kwa kitufe cha simu. Ikate kwingine, ikiwa hakuna kilichoharibika, basi haikuwa imekatwa kwa sababu yoyote.

Wajapani wana haiku ya silabi tano, saba na tano. Waingereza, tangu kabla ya Shakespeare, wana soneti ya mistari 14, ambayo hupimwa kwa mapigo ya mkazo kwa kuwa mkazo wao huhamahama kutoka neno hadi neno. Sisi mkazo wetu hauhami, kwa hiyo tukahesabu silabi. Kila lugha ilipima kile ambacho sikio lake linakisikia. Anayetaka kutunga soneti kwa Kiswahili simkatazi, lakini ajue kwamba ameazima ratili ya kupimia kitambaa.

Wala mtu asidhani kwamba umbo la zamani hubeba mambo ya zamani tu. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa waraka wake “Kenya Twendapi?”, akakaa gerezani hadi mwaka 1972. Alitunga kwa siri, akaandika kwenye karatasi za msalani. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ikatoka mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Ndani yake limo shairi la ndugu wawili wanaogombea mnazi, wakijibizana ubeti kwa ubeti, mtindo wa malumbano ambao watu wa pwani wameutumia kuchokozana tangu zama za Muyaka. Mtu mwenye hasira ya haki, mpweke, aliyenyimwa karatasi, angeweza kuacha sheria zote. Alizishika, na zikamshika. Na sauti yake haina harufu ya makumbusho.

Nakumbuka pia kwamba wengi wetu Kisauni tulijifunza ushairi bila kujua, kupitia santuri na kanda za taarabu. Ustadh Juma Bhalo aliimba tungo nyingi za Ustadh Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita, na wanawake waliokuwa hawajawahi kushika kitabu cha mashairi waliyajua kwa moyo huku wakikuna nazi. Ukitaka kuzoeza sikio, anzia huko. Sikiliza wimbo mmoja mara kumi. Gonga meza kwa kila silabi. Ona mwimbaji anavuta wapi na anatua wapi, kisha mpe maneno yako mwenyewe kwa sauti ile ile, hata kama ni maneno ya orodha ya vitu vya dukani. Ukifanya hivyo kwa mwezi mmoja hutahitaji vidole.

Nilimwachia kijana kazi ya ubeti wa pili, wenye kina cha mwisho kile kile cha “ani” na cha kati kipya. Juma lililofuata alirudi akiwa amekasirika. Ubeti alikuwa ameupata, na ulianza hivi: “Macho nikiyafumbua, jua limo dirishani.” Mizani sawa, vina sawa. Lakini alipouimba nyumbani Mwandoni, nyanya yake, aliyekuwa akisuka ukili uani, aliudaka na kuuimba upya, na kwake ukawa: “Mato nikiyafumbua.” Akamrekebisha, akamrekebisha tena, bibi akaendelea na yake.

“Maalim,” akaniuliza, “ile si tabdila? Ule uhuru wa mshairi tuliosomeshwa, wa kugeuza neno bila kuzidisha mizani?”

Nikamwambia akamuulize mwenyewe. Akarudi kesho yake kabla ya Magharibi, anatabasamu.

“Nimemuuliza kwa nini amegeuza neno. Ameniambia: ‘Mwanangu, mimi sikugeuza kitu. Ni nyinyi.’”

Akatoa karatasi yake mfukoni, akaiweka juu ya goti, akafuta “macho”, na kwa ile mikono yake ya grisi akaandika “mato”.